Baba Yetu, Fundi Kisigino wa Makubadhi

Baba, mwaka umeshatimia tangu ututoke, na bado asubuhi kuna mmoja wetu anakumiminia chai. Inapoa, inamwagwa, tunakwenda kazini.

Watu walikuita Fundi Kisigino kwa sababu ulimtazama mtu miguu kabla ya uso. "Kiatu chako kinalika upande," ulimwambia yeyote, hata msibani. Mama alikufinya. Hukukoma.

Tunakumbuka enzi za yule mnunuzi wa jumla. Alipakia makubadhi yako kwenye gari, kisha akataja bei injini ikiwa inanguruma. Ulipolalamika alikujibu, "Hutaki? Mafundi wamejaa mtaa wa pili." Ukarudi kwenye benchi lako, ukaendelea kushona.

Kisha akaja yule mwanamke mwenye kaduka kadogo ng'ambo, na Kiswahili chake cha kuokoteza. Alishinda karakanani. Akakuuliza jozi moja inakuchukua muda gani, na bei gani ingeitosha nyumba yako. Ulidhani anakutania, maana hakuna aliyewahi kukuuliza. Akaikubali bei yako, akakubali na kutanguliza malipo ili ununue ngozi. Jambo moja tu lilimshinda: ile harufu ya gundi katika karakana isiyo na dirisha.

"Kwanza dirisha," alisema.

"Bibie, mimi nauza viatu, siuzi madirisha!"

Mlibishana hadi mafundi wako wakaacha kazi wasikilize. Mwishowe ulichukua nyundo mwenyewe, ukabomoa ukuta huku unanung'unika. Vumbi lilipotulia ukasimama pale, ukavuta pumzi, ukasema, "Kumbe."

Oda zake hazikuwa kubwa, ila hazikukatika. Dada akamaliza chuo. Mafundi wakawa wanalipwa hata miezi ambayo hapa mtaani hakuna anayenunua kiatu. Wakaacha kukohoa. Wewe hukuacha. Daktari alisema kifua chako kiliharibika zamani, miaka ya kile chumba kisicho na hewa. Hukumlaumu mtu. "Vijana wangu wazima," ulisema, ukageukia ukutani. Hatukujua kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho.

Tuliporudi kutoka kukuzika, nyumba ikiwa imejaa watu, simu yako ililia. Dada akapokea. Alikuwa yule mwanamke wa ng'ambo, hana habari.

"Fundi yupo?"

"Hayupo."

"Ametoka? Basi mwambie mzigo umefika salama, na viatu vimeisha vyote. Wateja wanataka vingine."

"Sawa," Dada alisema. "Nitamwambia."

Akakata simu, akaendelea kuosha vikombe. Baadaye alimpigia, akamweleza ukweli, na yule mwanamke akalia hadi Dada ndiye akawa wa kumbembeleza. Lakini wewe hajakufikishia ujumbe wako. Kila akienda kaburini anasimama tu, kisha anarudi nyumbani.

Basi pokea hapa, Baba. Mzigo ulifika. Viatu viliisha vyote. Walitaka vingine, na tumeshona.

Unakumbukwa na mkeo; binti yako mkubwa na mdogo wake; shemeji zako; wajukuu zako, pamoja na yule aliyezaliwa hukumwona; na mafundi wote wa karakana.

Hatujakusahau, Baba. Wala hatutakusahau.