Mate ya Mama Yako

Kiganjo, Nyeri.
14 Septemba 1974.

Mpendwa mwanangu Kingori,

Natumaini joto la Mombasa halijakuyeyusha na kwamba unakula vizuri. Sisi huku tu wazima, ila baridi inatutafuna. Mama yako yuko vile vile tangu apooze upande: mkono mzito, maneno machache, na mate yanamtoka mdomoni. Mimi namfuta kwa leso. Ni dada yangu, sioni kinyaa.

Anayeona kinyaa ni ndugu yako Nderitu. Tangu apate ukarani pale mjini, tai imemkaba hadi akili. Jumamosi iliyopita tulienda Kangema kuposa kwa akina Warigia, yule mwalimu. Mama yako alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani. Nderitu akaamuru aachwe kwa jirani.

Kule, mzee Mathenge, babake msichana, akauliza mama wa kijana yuko wapi. Bwana Tai akajibu kwa Kiingereza, ati, "She drools." Alidhani wazee watatikisa kichwa tu, mjinga yule! Mzee akamwambia bintiye atafsiri, naye Warigia hakupunguza kitu.

"Anasema mamake anatokwa na mate. Hiyo neno husemwa ya mtoto mchanga, ama mbwa ikiona nyama."

Mathenge akaweka kikombe chini.

"Sisi tukibariki mtoto tunamtemea mate kwa kifua. Wewe umeficha mwenye mate, unataka baraka ya nani? Rudisha hizi mbuzi zako."

Tukarudi na mbuzi wetu wa posa wakilia njia nzima, karani wetu akitembea mbele kana kwamba hatujui. Ningecheka, Kingori, lakini mama yako aliposikia mbuzi wakiingia uani alilia. Alijua ni kwa sababu yake.

Jana Warigia alikuja peke yake. Akapiga magoti mbele ya mama yako, akafungua kifungo cha juu cha blauzi yake mwenyewe. Mama yako akajikaza, akamtemea mate kifuani. Mengine yalimwagikia kidevu chake mwenyewe, na msichana akamfuta kwa kiganja. Nderitu alikuwa mlangoni, tayari ananyoosha tai. Nikauliza kama turudishe mbuzi Kangema.

"Huyu mama nimemchukua," Warigia akasema. "Huyu kijana yake bado naangalia."

Nisalimie mkeo Subira na watoto. Mungu awafunike. Mama yako naye amewabariki. Nilimshikia karatasi hii mwenyewe. Ukiona doa hapo chini, usilifute.

Mimi mama yako mdogo akupendaye,
Wachuka