Mzee Yupo Kwenye Droo

Jumatatu, 3 Machi
Imefika! Seva iliyostaafishwa ofisini kwetu sasa ni yangu, ipo chumba cha pasi. Nimeibeba na Baba Pacha, mume wangu, na mgongo wangu haujanisamehe. Nilipoiwasha tu, paka wa jirani aliruka ukuta na hajaonekana tena. Baba Pacha akauliza dude hili la nini. Nikamweleza: unapakia programu moja, inaigawa mashine hii kuwa mashine nyingi, kila moja na kazi yake. Zinaitwa mashine pepe. “Mashine pepo?” Pepe! Akasema kwa kelele hizi yeye anabaki na pepo.

Ndani ya mashine pepe ya kwanza nitamweka baba mkwe. Yaani sauti yake. Miaka thelathini alikuwa dalali wa mnada – mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nyundo inapigwa, basi, hakuna kurudi nyuma. Sauti ya kuamsha mtaa mzima! Kabla ya upasuaji wa koo alijirekodi mafaili arobaini kwenye diski moja, maisha yake yote, uongo ukiwemo. Sasa hatoi hata mnong’ono, anaandika kwenye kidaftari. Pacha wetu hawajawahi kumsikia. Jumamosi anakuja ili wamsikie.

Jumanne, 4 Machi
Programu imegoma. Inadai mashine haikubali kugawanywa. Nimeitukana hadi matusi yakaniishia. Kumbe kuna swichi imezimwa huko ndani kabisa ya mipangilio, na aliyeizima ni mimi, miaka mitatu iliyopita, nikabandika na karatasi: MSIGUSE. Watu wakanitii. Siku moja tu katika maisha yangu watu wananitii!

Jumatano, 5 Machi
IMEKUBALI!

Nilitaka kujaribia kwanza kwenye diski yangu kuukuu. Mimi huiita mzee, maana imekula chumvi nyingi, ikifa, imekufa. Nilikuwa nimelala sakafuni, mikono yote ndani ya seva, nikampigia kelele Baba Pacha: niletee mzee, yupo kwenye droo! Akaleta. Ina karatasi kabisa: MZEE. Nikamsifu, maana mume huyu hata kopo la chumvi haliandiki jina.

Programu ikauliza kama nina uhakika, kila kitu kitafutika. Nina uhakika. Ikauliza mara ya pili. Nina. Mara ya tatu – we vipi, una wivu? NINA UHAKIKA. Dakika saba, kwisha. Nimecheza peke yangu mbele ya meza ya pasi.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee wake, diski ya sauti za baba yake. Siyo mzee wangu.

Diski yangu kuukuu ipo palepale kwenye droo, nyuma ya betri. Haina karatasi.

Ijumaa, 7 Machi
Programu ya kufufua mafaili inachokonoa ile diski tangu jana asubuhi. Asilimia inapanda kwa kusitasita.

Baba Pacha hajanigombeza. Amesema tu alidhani ndiyo namweka mzee ndani ya mashine, kama nilivyoahidi Jumatatu. Kweli niliahidi. Afadhali angefoka, nami ningepata pa kufokea.

Nakala nyingine? Hakuna! Mimi, ninayewahubiria watu ofisini kila wiki: nakala mbili, mahali pawili. Mganga hajigangi. Na majuto ni mjukuu – hapa wapo wawili, tangu asubuhi wanauliza babu atasema nini.

Saa kumi jioni imemaliza. Kati ya arobaini limefufuka faili moja. Sekunde kumi na tisa. Nimekaa juu ya boksi la seva nikalia kama mtoto. Nampenda yule mzee. Katika ukoo ule wote ndiye pekee anayecheka utani wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Amekuja saa nzima kabla ya wakati. Amevaa tai! Tai, kuja kujisikiliza mwenyewe! Akakaa kwenye kochi, pacha kila mmoja na goti lake. Nilikuwa nimejiapiza nitasema kwanza, ndipo niwashe. Mdomo ukagoma. Nikawasha.

Sauti ikajaa sebule: “Imewaka hii? Mashine yenyewe kaifunga mkwe wangu, kwa hiyo tusitegemee makubwa. Haya! Mabibi na mabwana, mali ya kwanza leo ni mimi mwenyewe –”

Basi. Sekunde kumi na tisa zimekwisha.

Pacha mmoja akamgeukia babu, akamchungulia mdomoni. Mwenzake akamshika koo. Babu alicheka, bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka, tai imekwenda upande. Kisha akachukua kidaftari, akaandika: ENDELEA.

Nikasema naangalia chai. Hakuna chai. Hata sufuria sijabandika. Naandika haya nimeegemea friji. Baba Pacha amechungulia mlangoni, akasema mzee anasubiri, na kwamba hili ni la kwangu kulisema. Kisha akarudi kukaa na baba yake.

Huko sebuleni mzee anagonga meza kwa kifundo cha kidole, mzaha wake wa mnadani, ananihimiza. Pacha wanahesabu kwa sauti.

Moja.

Mbili.