Jiwe la Shaba Mfukoni mwa Kaka

Rehema mjukuu wangu, salamu kutoka Kyebando. Tupo, ila shangazi yako bado anakohoa na mvua haikatiki.

Unauliza kama nimewahi kuona jiwe la shaba kama hilo ulilolipata, linaloganda kwenye moshi wa volkano. Nililiona. Kaka yangu, askari, alilileta kutoka Kongo likiwa jeupe, na unyevu wa hapa ukaligeuza buluu. Alipokufa, mama alifua nguo zake ili zigawiwe, kama ilivyo desturi. Jiwe lilikuwa mfukoni, likayeyuka lote majini kama chumvi. Mama hakuyamwaga mtaroni yale maji ya buluu. Aliyabeba mpaka kaburini kwa kaka, akayamwaga hapo.

Nyasi zikafa pale, maana maji ya shaba ni sumu kwa mimea. Wenzetu walipokuja kupalilia makaburi yao, mama alisimama na jembe lake, hana cha kupalilia.

Lako liweke pakavu.

Jaja wako