Soksi ya karabai

Mjukuu wangu Zaina,

Hapa Gitega wote wanakusalimu. Goti la bibi yako limepona, sasa ananigombeza akiwa amesimama. Barua yako nimeisoma mwenyewe, siku mbili, bila kusaidiwa na mtu.

Unasema vile vitaa vyembamba vya maabara vilizimika kwa sababu ulifungua mapema kile kisanduku cha kuzikinga na hewa, hewa ikaingia. Lakini profesa anadhani ule unga wenu wa kutoa mwanga ndio mbovu, na Ijumaa anautupa. Unaniuliza kama na mimi nimewahi kuharibu kitu nikanyamaza. Mimi, fundi wa karabai niliyewashinda wote hapa! Haya, mara moja.

Karabai, taa yetu ya mafuta ya kupampu, inatoa mwanga kwa soksi, kifuko cha kitambaa. Ukishaichoma mara ya kwanza inabaki majivu, ukiitikisa inavunjika. Kwa hiyo unaichomea palepale taa itakapotundikwa. Siku ya harusi ya jirani mimi nikaichomea nyumbani, ili watu wanione napita na taa inawaka. Njiani soksi ikavunjika, majivu yakamwagika yote.

"Fundi, vipi tena?" baba wa bibi harusi akauliza.

"Soksi mbovu hizi, mzee."

Akaniamini. Akatupa boksi zima la soksi alizonunua, watu wakala harusi kwa mishumaa.

Kesho yake nikaokota moja jalalani, nikaichoma. Sha, iliwaka nyeupe kabisa! Nikaizima haraka. Bibi yako hajui mpaka leo.

Wewe Ijumaa yako haijafika. Nenda kamwambie profesa.

Babu yako, fundi.