Nani Atashika Mbwa

Baba Imani,

Sisi wazima. Shuleni tulifundishwa barua ianze na hali, basi hali ndiyo hiyo. Silii. Watu wa kanisani wananitazama wakingoja nilie, mimi naosha vyombo. Tangu ulipoanguka kazini, tukakuzika, naona kama nimevaa glavu nene. Nashika kitu, sikisikii. Chai naimeza ya moto, najua baadaye ulimi ukiniuma.

Kombi ipo pale pale uani kwetu, Sydenham, na kitanda ulichokichonga ndani, na pazia langu la kitenge. Mbwa wetu, Bosi na Chapati, wanalala chini yake. Chapati aligoma kula. Sasa anakula kidogo, Imani akimlisha kwa mkono.

Mdogo wako Baraka alikuja msiba ulipokwisha. "Shemeji, gari iko inaoza tu. Wewe huendeshi. Iko jamaa wa duka la simu, town, anaitaka ya kubebea mizigo." Siku hizi anaongea kama Wakongo anaofanya nao kazi, ungemcheka. Sikubishana. Nilimwomba atupeleke safari moja kwanza, halafu aiuze. Nguvu ya kuomba zaidi ya hapo sikuwa nayo.

Tukaenda Jumapili, kaskazini, kwenye ile nyumba ya kale ya mwenye mashamba ya miwa, siku hizi makumbusho. Unakumbuka ilikuwa zamu yako. Getini mlinzi akasema yale yale ya kila nyumba: mbwa hapana. Mimi na wewe hilo halikutusumbua. Nyumba hii unaingia wewe, ijayo mimi, na anayebaki na mbwa na mtoto anasimuliwa. Nusu ya nyumba za kale za huku nimeziona kwa mdomo wako.

"Nani atashika mbwa?" nikauliza. Nikajisikia nimeuliza hewa.

Baraka anaogopa hata mbwa wa kwenye kalenda. Nikamwambia basi aingie yeye, zamu ni ya kaka yake. Akaingia akinung'unika. Hata hatujakaa vizuri kwenye majani, huyo ametoka.

"Baba mdogo, simulia," Imani akamwambia.

"Eish. Iko vitanda. Iko meza kubwa. Hawa watu walikula sana."

"Siyo hivyo. Unaanza na mlango."

"Mlango gani?"

"Wa mbele. Baba anaanza na mlango, na bawaba zake. Halafu anaangalia juu."

Baraka akageuka, akarudi ndani. Alikaa huko mpaka Bosi akasinzia juu ya mguu wangu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akakaa nasi chini, karibu na mbwa kabisa, sijui kama alijua. Akasema mlango ni wa mti mzito, bawaba za shaba, ndefu kama mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Dari ni ya bati lililopigwa maua, ua kwa ua, chumba kizima. "Kaka angelala chali pale chini," akasema.

Ungelala kweli. Ulilala kwenye ile nyumba ya kale ya mchungaji, ukaangalia mbao za dari mpaka yule mama wa tiketi akakuletea maji akidhani umezimia. Ukayanywa, kwa adabu, ukiwa bado umelala.

Nikacheka, Baba Imani. Sauti ilinishtua, kama ya mtu mwingine. Ndipo nikasikia pua ya Bosi kwenye kifundo cha mguu wangu, ya baridi, imelowa. Niliisikia sawasawa.

Tukiwa njiani kurudi, tumesimama kwenye robot, taa imewaka nyekundu, Baraka akasema bila kunitazama, "Yule wa simu nitamwambia atafute kombi nyingine. Lakini shemeji, mimi Jumapili zote siwezi. Utaendesha."

"Sharp, sawa," nikasema.

Nimeanza. Baraka ananiweka kwenye usukani Greyville, kwenye paking ya uwanja wa farasi, siku ambayo hakuna mbio. Gari linaruka, linazima. Bosi anabweka. Imani ananiambia kutoka nyuma, "Mama, baba hafanyi hivyo."

"Najua," namwambia. "Mama anafanya hivi."

Bado naosha vyombo bila kusikia maji, usiku hasa ndio mbaya. Sikudanganyi. Lakini nakuahidi leseni nitaipata, na hii kombi hailali kwa mtu mwingine. Imani akikua kidogo ataingia na tiketi yake mwenyewe, aone kwa macho yake.

Pumzika basi, mume wangu. Jumapili tunatoka mapema, jua lisiwe kali kwa mbwa.

Mkeo,
Mama Imani