Gari la Kuvuta Nyumba ya Arvid

Crystal, Minnesota
12 Mei 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa, au mvua za huko Keroka bado zinakusumbua? Sisi huku wazima, baridi imetuachilia. Kemunto ametimiza miaka minne na hakai chini hata kidogo. Stacy anakusalimu sana.

Baba, nataka shauri lako. Baba yake Stacy, mzee Arvid, ametupa trela lake la kutembelea. Ni nyumba kamili juu ya magurudumu, ina vitanda, jiko, hata choo. Likiwa tupu ni tani mbili na robo, tukipakia maji na vyakula linakaribia tatu. Sina gari la kulivuta. Nimeona pikapu mbili kwa muuzaji mmoja huku Bloomington, karibu na kazini. Moja ni ndogo, silinda sita, mafuta inakunywa kidogo. Nyingine ni nzito, silinda nane, springi nene. Dad anasema nichukue hiyo nzito. Nimezoea kumwita Dad, ndiyo desturi yao. Jumamosi nzima alinifundisha kufunga na kufungua trela.

Wewe unaonaje?

Mwanao,
Silas

Keroka
3 Juni 1996

Mwanangu Silas,

Salamu kwako, kwa mkeo na kwa mjukuu wangu. Mgongo upo, unauma kama kawaida. Mahindi yamefika magotini.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale pale. Dad! Wewe una baba wangapi? Huyo Arvid uliniambia mwenyewe wakati wa harusi kwamba alikuwa mwalimu wa hesabu. Haya! Mwalimu wa hesabu anamfundisha mtoto wangu kufunga trela, na mimi nimevuta trela Mombasa mpaka Malaba miaka ishirini na miwili! Jumamosi nzima! Mimi Jumamosi zangu na wewe nilizimalizia barabarani nikitafuta karo yako, na sasa mwenzangu anazipata bure.

Chukua ile ndogo. Trela hujibeba lenyewe kwa magurudumu yake, kazi ya gari ni kulionyesha njia tu. Huyo mzee anataka kujifanya anajua.

Nijibu upesi umenunua ipi.

Ni mimi baba yako, yule mmoja

Crystal
30 Juni 1996

Baba,

Shikamoo tena. Pole na mgongo, nimekutumia dawa ya kuchua kwa mtu anayekuja Kisii.

Usikasirike, tafadhali. Nimenunua ile uliyosema. Tutasafiri tarehe 3 Agosti kwenda Duluth, kwenye ziwa kubwa, mimi, Stacy na Kemunto, na mzee atatufuata kwa gari lake. Barabara ni nzuri, ila karibu na kuingia mjini kuna mteremko mrefu unaoshuka mpaka usawa wa maji.

Wako,
Silas

Keroka
22 Julai 1996

Silas,

Leo sina salamu. Usiende.

Nilijua ninachokuandikia si kweli. Trela halijibebi lenyewe. Pua yake hulala mgongoni mwa gari, na kwenye mteremko uzito wote unakuja mbele. Kuvuta si kazi, kazi ni kulisimamisha. Gari jepesi linasukumwa tu. Muriuki, dereva mwenzangu, alisukumwa hivyo pale Timboroa, tukamtoa kwa mtaimbo.

Arvid alisema kweli tangu neno la kwanza, na nilipoona amesema kweli ndipo nikazidi kuchukia. Ni wivu, Silas. Nimeona wivu mpaka nikamweka mjukuu wangu kwenye gari lisilofaa. Nimekwenda posta mara mbili kupiga simu, inalia tu hakuna anayeshika. Rudisha hilo gari, au mkae nyumbani.

Baba yako

Duluth
6 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, nakuandikia nikiwa kwenye meza ndani ya trela. Tumefika salama. Mteremko tulishuka kwa gia ndogo, polepole, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, na gari ulilonichagulia halikulalamika. Nakutumia picha ya papo hapo. Stacy ndiye aliyetupiga, mimi, Kemunto na mzee Arvid, tumesimama kando ya gari lako.

Ahsante kwa shauri lako, baba.

Mwanao,
Silas

Keroka
27 Agosti 1996

Mwanangu Silas,

Hujambo, na wote hapo hawajambo? Mimi tangu jana ni mzima kuliko nilivyokuwa mwezi mzima.

Bahasha yako niliishika muda mrefu kabla ya kuifungua. Nilipoona wewe na Kemunto mmesimama kwa miguu yenu, nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani yangu Rahab akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Kisha nikavaa miwani nikaangalia gari. Silas, hilo gurudumu lina nati nane. Pikapu nyepesi huwa na tano, zikizidi sana sita. Ulifikiri nimesahau kuhesabu? Ulinunua aliyosema Arvid, ukaniambia ni yangu ili nisiumie. Umenibembeleza kama mtoto anayelilia kisu.

Sina hasira. Ungenitii, leo ningekuwa nawazika. Ahsante kwa kutonitii. Lakini limeniuma, nisikufiche. Jambo moja tu duniani ninalolijua kuliko watu wengine, ukaniuliza, nikakujibu vibaya, na mwalimu wa hesabu akakujibu vizuri.

Mwambie kwamba dereva wa Malaba anasema alichagua sawasawa. Mwite Dad ukitaka, mimi siko huko kusikia.

Ila kwenye picha ameweka mkono kichwani mwa Kemunto. Ukimpiga mtoto picha nyingine, mwambie huyo mzee asogee kando kidogo.

Baba yako