Maji Yalifika Wapi

Jumatatu, 10 Novemba 1997
Gikundamvura tena. Matope hadi magotini. Mto huu hauna vipimo hata vya mwaka mmoja. Mbao ya kupimia kina iling'olewa wakati wa vita, ikapikiwa maharage. Karatasi za ofisini zilichomwa. Konseye, kiongozi wa hapa, anataka jibu: nyumba za wakimbizi waliorudi zijengwe bondeni, karibu na mpunga, au juu kwenye mawe? Yaani niseme mafuriko makubwa yanafika wapi. Mungu ndiye anajua.

Jumatano, 12 Novemba
Nimeuliza watu mto ulifurika lini. Hawajui. Wengi walikulia Bukavu kama mimi, wengine Uvira. Waliouona mto huu ukikasirika wamekufa au hawajarudi. Nina hasira, na sijui namkasirikia nani.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimepata mmoja. Maman Verediana, mjane, mzaliwa wa hapa, karudi mwaka jana kutoka kambi za Congo. Kanipeleka kwenye mwamba, mbali na mto, juu kuliko nilivyodhani. "Maji ilifika hapa. Niliiona na macho yangu, mutoto mugongoni."
Nimefurahi kama mjinga. Baadaye Konseye akanivuta pembeni. "Huyo maman anasema bongo. Anaogopa batu batajenga kwa shamba yake."
Eti ni mwongo. Na kweli, shamba la bondeni ni lake. Sikujua.

Jumanne, 25 Novemba
Nimeazima vipimo vya mto wa jirani, nikavilinganisha na ukubwa wa bonde letu na mteremko wake. Jibu la chini: bondeni ni salama. Jibu la juu: maji yanapita mwamba. Hesabu gani hii, inayomkubalia kila mtu! Nimerudia, yaleyale. Kichwa kinauma.
Mtu anaweza kuwa na sababu ya kudanganya na bado asidanganye. Nimeandika: hakuna nyumba chini ya mwamba.

Jumamosi, 17 Januari 1998
Nyumba zinajengwa juu. Dada yangu Espe amepewa mojawapo. Anapandisha bidoni ya maji mlima mzima, anapumzika, ananilaani, anapanda tena. Wengine wananiita bwana wa yule mjane.
Nimemwambia Maman Verediana naye ahame bondeni, nyumba yake ipo huku juu. Kacheka kidogo. "Nikipanda kule juu, shamba itabakia ya nani?" Konseye alikuwa amesimama palepale. Akageuka, akaenda kwa mafundi. Nami nikamfuata.

Jumapili, 19 Aprili
Mvua tangu Ijumaa. Asubuhi mto umevunja kingo. Bondeni kote ni maji mekundu. Wa juu wote wazima. Espe amenishika mkono, hauachii. Maman Verediana hayupo. Wanaume wawili walijaribu kushuka, maji yakawarudisha. Naogopa hata kuandika.

Jumatano, 22 Aprili
Tulimzika jana. Konseye alichimba kaburi mwenyewe, hakutaka kupokezana na mtu.
Leo nimeshuka kupima. Pale ambapo nyumba zingejengwa, matope yananifika kifuani. Lakini yameishia chini kidogo ya mwamba. Mafuriko aliyoyasimulia yeye yalikuwa makubwa kuliko haya, na hayupo tena aliyeyaona.
Nimepaka rangi alama mbili. Ya mwaka huu, na ya kwake juu, mwambani. Kisha nikapanda kwa Espe. Amenipakulia chakula, tumekula.